Mkaa Mkononi mwa Frednand

Nyamigogo, Biharamulo,
Jumapili, 12 Oktoba 2025.

Kwa Mama yangu Restituta, Kasulo.

Shikamoo, Mama. Natumaini barua hii itakukuta umeshamaliza kazi za asubuhi, umekaa kwenye kigoda chako karibu na mlango wa jikoni, jua likikupiga miguuni. Goti lako la kushoto linasemaje siku hizi? Na ile migomba ya upande wa bondeni iliyoanza kunyauka, mmeikata, au bado Shangazi Adelfina anaionea huruma? Huku kwetu hatujambo. Baba anakohoa kidogo kwa sababu ya vumbi, lakini jembe hajaliweka chini. Mimi ni mzima wa mwili. Nashona sare za shule, na cherehani uliyoniruhusu nije nayo bado inafanya kazi, ingawa inalalamika ikifika kwenye kitambaa kizito.

Barua hii nitampa Ndizeye, akirudi huko na gari lake la ndizi. Nimemwambia akupe mkononi mwako, asimpe Shangazi wala mtu mwingine. Aliniuliza kwa utani kama ni barua ya uchumba, maana nilimwambia nitaishona bahasha kwa uzi pande zote nne. Nikacheka naye. Nakuomba uisome peke yako, kwa miwani yako ile yenye uzi, na usiruke mistari. Najua ukisoma una haraka. Hata kanisani ukipewa somo, unafika mwisho kabla watu hawajamaliza kukohoa. Safari hii soma polepole.

Salamu zako zilinifika. Ndizeye alikaa chini akanieleza yote. Kwanza, kwamba kaburi la Frednand litajengewa kabla ya misa ya mwaka, na kwamba mchanga umeshashushwa. Pili, kwamba unaiomba ile picha yetu ya Mwanza, nikupe na ya kwangu ili ipatikane isiyo na mikunjo, iwekwe kwenye msalaba chini ya kioo. Halafu akanieleza jambo ambalo hukumtuma. Kwamba mke wa Nshimiyimana amejifungua mtoto wa kiume, nao walitaka kumwita Frednand, kwa sababu Frednand aliwatengenezea pikipiki usiku ule alipougua mama mkwe wao, asitake malipo. Na kwamba Shangazi alikataa mbele ya watu. Alisema jina la mtu asiyeacha mtoto, aliyezikwa na mkaa mkononi, halipewi mtoto mchanga, ni jina lililozimika. Ndizeye alisema wewe uliinuka ukachukua kikapu ukaenda shambani kuchuma maharage, na maharage yalishavunwa zamani.

Kwa ajili ya kikapu hicho nimenunua karatasi hizi.

Nianze na safari yetu ya Mwanza, Mama, kwa sababu hujawahi kuisikia kinywani mwangu. Uliisikia kwa Frednand, naye alikueleza nusu.

Unakumbuka tulifunga ndoa Jumamosi, na Jumatatu alfajiri tukawa barabarani Benaco tunangoja basi la kutoka Ngara. Shangazi alikuwa amenuna. Alisema bibi harusi wa nyumba hii hukaa ndani siku nane, jua lisimwone, mpaka watu wa kwao waje na vyakula kumtoa. Aliuliza hiyo hanimuni ni ugonjwa gani usioweza kutibiwa hapa mpaka Mwanza. Frednand akamjibu kwamba ni ugonjwa wa vijana, hupona kwa siku tatu. Wewe ulicheka ukatutetea. Ulinifungia ndizi za kuchemsha kwenye jani, na karanga kwenye chupa ya maji, ukaniambia nisimwache ale chochote kivukoni kwa sababu tangu mtoto maji yakitikisika hutapika. Nilikumbuka. Alipolia njaa pale Busisi nilimnyima, akawaambia abiria kwamba ameoa polisi.

Kuna kitu kingine tulichobeba ambacho hukukijua. Wiki tatu kabla ya harusi Frednand alikuja kwangu na kipande cha kile kitambaa cha sare ya akina mama ya harusi yetu, kile cha zambarau chenye maua meupe ambacho wewe unacho gauni lake. Aliniomba nishone gauni la mtoto wa kike. Alisema ni la mtoto wa rafiki yake aliyefanya naye kazi kwenye kiwanda cha samaki miaka ile. Nikamuuliza vipimo, akasema anafika hapa, akaweka kiganja kwenye mkanda wake. Nikamwambia fundi hapimi mtu kwa mkanda wa mwanaume. Akacheka, lakini hakuondoa kiganja mara moja. Kilikaa pale, kana kwamba kiko juu ya kichwa cha mtu. Nililishona kwa moyo wangu wote, Mama. Nililiwekea pindo pana ili mtoto akirefuka wapate kulishusha.

Tulipovuka Busisi, daraja lilikuwa karibu kuisha, limesimama pembeni yetu juu sana. Frednand aliliangalia mpaka shingo ikamuuma. Akasema safari nyingine tutapita huko juu, kivuko tutakitazama kama watu wanavyotazama sisimizi. Hotelini yule dada wa mapokezi alituuliza kama sisi ni ndugu, kwa sababu tuliandika majina mawili tofauti. Frednand akachomoa mfukoni kadi ya mwaliko wa harusi yetu akaiweka mezani kama mtu anayeonyesha hati ya shamba. Tukapewa chumba ghorofa ya nne. Ile lifti tuliipanda na kushuka mara tatu bila kwenda popote, hadi mzee aliyekuwa akipiga deki akatuambia kwamba ile si bembea. Jioni tulikaa dirishani tukahesabu mawe makubwa yaliyopandana mlimani, na nyumba zilizojengwa katikati yake kama mbuzi walivyojibanza. Aliniambia mambo mengi ya utoto wake. Aliniambia jinsi ulivyompiga kwa sababu ya kuuza yai la kuku aliyelalia, na jinsi ulivyolia wewe baada ya kumpiga.

Siku ile ya kwanza ndiyo ndoa yangu, Mama. Ninayo hiyo moja.

Siku ya pili aliniambia twende Igogo, tulipeleke lile gauni. Tulipanda ngazi za mawe mpaka nikavua viatu. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, safi, ina pazia la shanga mlangoni. Mwanamke aliyetupokea anaitwa Teddy. Anauza dagaa pale Kirumba, mkubwa kwangu kidogo, mcheshi. Alinitazama akasema kumbe ni mzuri hivi, Fundi alinidanganya kwamba umekonda. Fundi ndilo jina alilomwitia Frednand. Nikashangaa kwa nini walikuwa wakizungumza juu ya unene wangu. Akanipa soda. Kisha mtoto akatoka chumbani akikimbia, akamrukia Frednand shingoni, akafungua mdomo kumwonyesha jino linalotikisika, akamwita Baba.

Soda nilikuwa nimeifikisha nusu. Niliiweka chini.

Hakuna aliyehitaji kunieleza. Mtoto alikuwa na miaka mitano na nusu. Alipopewa kikombe cha maji alikishika huku kidole chake cha mwisho kimekunjwa, kama unavyokunja wewe, kama alivyokunja Frednand. Teddy alisema anaitwa Iteka. Frednand ndiye aliyemchagulia jina la bibi yake mzaa mama. Yaani jina la mama yako. Mtoto alivaa gauni palepale juu ya nguo nyingine, likamkaa sawasawa. Kiganja kwenye mkanda kilikuwa kipimo sahihi.

Njiani Frednand alinieleza yote bila kujificha. Yeye na Teddy walikuwa wachumba miaka ile ya kiwandani. Marehemu Baba mkwe alipougua, Frednand akaitwa nyumbani, Teddy akamwambia wazi kwamba yeye hawezi maisha ya kupalilia migomba, wakaachana bila ugomvi, na mimba ilikuwa haijajulikana. Tangu mtoto azaliwe alikuwa akimtumia vitu kwa basi, na mara mojamoja akienda kumwona. Alisema alishindwa kukwambia, Mama. Alikuogopa. Alikuwapo siku uliyosimama mbele ya akina mama wa WAWATA kanisani, wewe mwenyekiti wao, ukamwondoa kwenye kwaya yule binti aliyepata mimba, na hukupepesa macho. Siandiki hili kukulaumu. Naandika kwa sababu ndivyo alivyosema. Na alisema sasa amechoka kuogopa. Alitaka mimi nijue kwanza, kwa macho yangu, halafu Jumapili baada ya misa akwambie mbele yangu, na likizo ya shule mtoto aje Kasulo. Maneno alikuwa ameshayapanga. Aliniimbia yote kando ya ziwa kama mtoto anayekariri sala, huku akinitazama usoni kuona kama yanafaa.

Mama, mimi watu husema ni mpole. Hata wewe husema hivyo. Siku ile sikupaza sauti. Nilivua pete, ina siku nne kidoleni, nikamwekea kiganjani. Nikamwambia kwamba nimekuja nyumbani kwenu kuzaa wajukuu wako, sikuja kulea wa mtu mwingine. Nikamwambia siku mtoto yule atakapokanyaga Kasulo, siku hiyohiyo cherehani yangu itapanda gari kurudi Nyamigogo. Nikamtaka aape, huku ameishika pete ile, kwamba mtoto hatatajwa mbele yako wala mbele ya mtu yeyote wa Kasulo.

Aliigeuza pete kiganjani. Akasema sawa, Boni. Akaapa.

Wakati huohuo mpiga picha akatufikia, wale wanaozunguka pale ufukweni na mashine ya kutoa picha hapohapo. Akasema bibi harusi mbona amenuna, au mume ameanza kumnyima chipsi. Nikacheka kwa aibu. Akatuambia tusogeleane. Hiyo ndiyo picha iliyo ukutani kwako, Mama. Ishushe uitazame. Mkono wangu wa kushoto hauna pete. Na Frednand, ule mkono uliosema amekunja ngumi kama mcheza mpira aliyefunga goli, ndani yake ameshika pete yangu. Alinivisha tena baada ya picha kutoka. Ndiyo maana sitaki iwekwe kaburini. Chagua nyingine. Ile ndogo ya kitambulisho inatosha, ingawa amekodoa macho.

Tulirudi, ukaona tuna furaha. Na kwa kweli hatukugombana tena. Kwa miezi mitatu alikuwa mume mwema. Alikuwa akiosha mikono kwa sabuni ya unga na mchanga mpaka grisi itoke, ndipo aniguse. Ila Jumamosi nyingine alikwenda Benaco kabla ya kufungua karakana, na mfuko, akarudi bila mfuko. Sikuuliza. Naye hakusema, kwa sababu aliapa. Jumapili ile ya kwanza, tulipotoka kanisani, ulimuuliza kwa nini anakutazama hivyo kama aliyepoteza ndama. Akasema ni uchovu wa safari. Mimi nilikuwa nimesimama kati yenu nimeshika kitabu chako cha nyimbo.

Ile tarehe tano Desemba huna haja nikukumbushe. Lori liliinuliwa, jeki ikateleza, wakaniita. Hayo unayajua kama ninavyoyajua.

Sasa nafika mahali ambapo kalamu imesimama tangu jana.

Asubuhi ya kuzika, kabla sanduku halijafungwa, mlituingiza wanawake ndani. Ulikaa karibu yangu, ukanishika goti, ukaniuliza polepole kama hakuna chochote tumboni, hata cha mwezi mmoja. Nikasema hakuna, Mama. Hilo lilikuwa kweli. Ukainamisha kichwa. Ndipo Shangazi Adelfina akauliza, mbele ya wote, kama hakuacha mtoto popote, maana wanaume hutembea, na yeye hakutaka kuweka mkaa mkononi mwa mtu mwenye moto wake mahali. Aliniuliza mimi, siyo wewe. Alisema mke ndiye ajuaye. Wanawake wote walinitazama. Wewe hukunitazama, ulikuwa ukimtazama yeye Frednand, lakini nilisikia mkono wako ukibana goti langu. Nilijua unangoja. Nilijua kwamba neno lolote, hata baya, hata la aibu kwa WAWATA nzima, ungelipokea kwa mikono miwili.

Nikasema hakuna.

Katekista Anastazi akageukia ukutani, kwa sababu Kanisa halitaki mambo hayo. Shangazi akaenda jikoni kwako, akachagua kaa lililozimika, akalifunga kwenye jani la mgomba, akamfungua vidole. Nilitazama. Ulikuwa mkono uleule, Mama. Ule wa pete. Akavikunja vidole juu ya mkaa, akasema maneno ya kwamba moto wa nyumba hii upande wa Frednand umekwisha, asirudi kuutafuta. Wewe ulitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu. Na mimi nilikaa palepale, na Iteka alikuwa Igogo akisubiri mfuko wa Jumamosi.

Kwa nini nilinyamaza? Nimejiuliza miezi hii yote. Mwanzoni nilijiambia ni kwa ajili ya kiapo, lakini kiapo kilikuwa chake, si changu, na aliyeapa alikuwa amelala mbele yetu. Ukweli ni kwamba niliona wivu, hata siku ile. Niliona kwamba nikisema, watu watamlilia yule wa Igogo kama mama wa mtoto, na mimi niliyekaa naye miezi mitatu nitakuwa mgeni aliyekuja harusini akachelewa kuondoka. Halafu wewe ukazidi kuwa mwema. Ulikataa nirudishwe kwetu. Ulinipa migomba ya karibu na barabara. Uliwaambia watu kwamba Bonifasia ndiye niliyebakiziwa wa mwanangu. Kila uliposema hivyo nilizidi kushindwa kufungua mdomo.

Kuna na simu yake. Nilikaa nayo. Siku ya tatu baada ya mazishi iliita, jina limeandikwa Fundi Mwanza, nami nikajua ni Teddy. Niliiacha ikaita mpaka ikachoka. Ikaita tena. Nikaizima nikaiweka kwenye droo ya cherehani, chini ya vishikizo. Ukaniuliza iko wapi, nikasema iliharibika pale chini ya lori. Huo ni uongo wa pili, uandike.

Nilipoondoka Kasulo baada ya arobaini, watu walisema nimeenda kutafuta mume. Nasikia hata Shangazi alisema. Wewe ulinisindikiza mpaka barabarani ukanipa jogoo. Sikuondoka kwa sababu ya mume, Mama. Niliondoka kwa sababu kila asubuhi ulikuwa ukipika viazi vitatu, ukitupa cha tatu kwa kuku bila kusema kitu.

Ndizeye aliponieleza habari ya jina la mtoto, nilipanda basi wiki ileile. Ilikuwa mwezi uliopita. Daraja limekwisha. Tulipita juu kwa dakika chache tu, watu wakitoa simu dirishani kupiga picha, na mimi nikatazama chini mahali kivuko kilipokuwa kikipita. Nilikaa upande wa kushoto, upande aliokaa yeye akiogopa kutapika.

Teddy nilimkuta Kirumba, ametandaza dagaa, anachagua. Alinitambua mara moja. Akasema afadhali umekuja mwenyewe, mwambie mumeo kwamba mtoto halishwi kwa simu iliyozimwa. Nikamwambia mume wangu amefariki tangu Desemba. Aliendelea kuchagua dagaa, huku wazima, huku waliovunjika, kwa muda mrefu. Kisha akasema, kwa hiyo hakutukimbia. Akarudia mara mbili. Ndipo akalia, akifuta macho kwa mkono wenye magamba. Alipomaliza kulia akanikasirikia, na nilistahili. Alisema miezi tisa mizima alimfundisha mtoto kwamba baba yake ni tapeli. Alisema kama ningepokea simu ile moja tu, angekuja Kasulo hata kwa miguu, mtoto atupe udongo wake kaburini, na angemwacha kwako likizo nzima, na likizo zote. Sasa mambo yamegeuka. Mwezi wa sita aliolewa na mwanaume anaitwa Niyongabo, mwashi, mtu mtaratibu. Amemwandikisha mtoto shule kwa jina lake. Mtoto anamwita baba. Teddy alisema hatamvuruga tena mtoto kwa kumzungusha kwa watu wa marehemu, na kwamba Kasulo haji, wala Desemba wala mwezi mwingine. Nilimsihi mpaka wauza dagaa wenzake wakaanza kutusikiliza. Hakubadilika. Alichokubali ni kimoja. Alisema kama bibi yake anataka kumwona, ngazi za Igogo anazijua kila mtu, aje yeye kwa goti lake.

Nisamehe kwa neno la goti. Nilikuwa nimemweleza juu ya goti lako, nikidhani atakuonea huruma.

Alinipeleka nyumbani nikamwona. Amerefuka. Yale meno ya mbele yameota upya, yana mwanya. Alinitazama sana akasema wewe ni yule uliyeacha soda. Lile gauni la zambarau bado analivaa, linamfika juu ya magoti. Nikaomba sindano nikafumua lile pindo pana nililoliweka, nikalishusha, akasimama juu ya kigoda akizunguka ili nione kama liko sawa. Teddy alisema habari ya kifo nimwambie mimi mwenyewe, kwa kuwa mimi ndiye niliyeificha. Nikamwambia. Alishuka kigodani. Akauliza kama alizikwa na spana zake. Nikasema hapana. Akauliza, basi alizikwa ameshika nini?

Mama, nilimwambia nitamuuliza bibi yake.

Namba ya simu ya Teddy nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Ndani ya bahasha utakuta ukanda mwembamba wa kitambaa. Nilipolishusha pindo, ukingo wa ndani ulikuwa umechanika, nikaukata. Ulinganishe na gauni lako. Ule upande uliokuwa umekunjwa haujapauka, bado una rangi ya siku ya harusi.

Sikuombi unisamehe katika barua, kwa sababu sikukukosea kwa barua. Ukiniita nitakuja, Shangazi aseme atakalo mbele ya watu walewale, na mimi nitasema mbele yao nililopaswa kusema. Usiponiita nitaelewa. Naomba mambo mawili tu. Kabla saruji haijamwagwa, simama pale kaburini umwambie Frednand kwamba moto wake upo. Mimi sina haki ya kumwambia. Na umruhusu Nshimiyimana ampe mwanawe jina.

Nisalimie Shangazi Adelfina, hata kama hatazipokea salamu zangu. Nisalimie Katekista Anastazi na mama wote wa jumuiya. Kuku wako wasalimie pia, hasa yule mweusi aliyekuwa akitaga kwenye kikapu cha nguo zangu. Baba na mama hapa wanakusalimu sana, hawajui ninachokuandikia. Goti ulikande kwa maji ya moto na chumvi kabla ya kusafiri, na ukifika kwenye zile ngazi pumzika kila baada ya kumi.

Ni mimi niliyekuwa mkweo,

Bonifasia.